Mapazia ya Mahameli kwa Ajili ya Mama Noela

Jumatatu, 16 Juni

Mvua imekatika kabisa. Sasa vumbi. Kila pikipiki inayopita inaniachia robo kilo ya barabara juu ya meza. Nimefuta mara mbili. Ya tatu nimeacha.

Asubuhi amepita Limbu na maksai wake. Huyu Msukuma analima jirani na shamba letu kule Michenga, na ndiye posta yetu, maana simu ya mke wangu huwa imeshazimika kila ikifika Jumanne. Ujumbe wa Eufrasia: mpunga umepigwa, umepepetwa, umeanza kujazwa kwenye magunia. Anakuja nao Jumamosi ya wiki ijayo, tarehe 28. Anauliza kama stoo iko tayari.

Nikamwambia Limbu stoo iko karibu na tayari. Limbu akaniangalia, akasema haya, akaenda zake.

Baadaye nimekwenda kuitazama hiyo stoo. Bati mbili zimeliwa na kutu tangu mwaka juzi. Ukisimama katikati unaona mawingu. Bati mpya mbili zimeegemea ukutani, Eufrasia alizinunua mwenyewe Januari kabla ya kwenda shamba. Misumari iko kwenye kopo. Mbao za kupangia magunia yasiguse sakafu zimo humo humo, zimefungwa kamba. Kazi ya mtu mmoja, asubuhi moja. Lakini mgongo wangu jamani!

Mwaka jana mvua ya Novemba ililowesha magunia manne, mpunga ukachipua humo humo ndani kama kitalu. Eufrasia hakugomba. Alisema tu kwamba mwakani akirudi akakuta stoo bado inavuja, anashusha mpunga na kugeuza safari, anakwenda kuishi kibandani Michenga. Kibanda kikivuja, alisema, angalau unajua ni kibanda. Mke wangu huwa hasemi kitu mara mbili.

Kwa hiyo nina siku kumi na mbili za kumrudisha mke nyumbani. Nitaziba bati. Ila si leo.

Jumanne, 17 Juni

Nimepata wazo! Usiku nilitazama kwenye simu mama mmoja akieleza jinsi ya kupendezesha nyumba kiangazi kwa hela kidogo, vitu vyote vya mitumba. Bando limeisha alipofika kwenye matakia, lakini nimeshaelewa. Mwanamke aliyekaa miezi sita kwenye dungu akifukuza ndege, akila kambale wa kuchoma, hahitaji kurudi kwenye bati. Anahitaji kurudi kwenye kitu kizuri. Akiona sebule, stoo ataisahau.

Isitoshe kuna jambo la Dionisi. Dionisi ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Mwezi uliopita ameweka dari ya jipsamu. Tangu hapo anaongea na watu akiwa ameangalia juu.

Noela, binti yetu aliyeko Morogoro, amenitumia hela ya dawa ya mgongo. Basi bajeti imepatikana.

Jumatano, 18 Juni

Sokoni alfajiri. Merina wa mitumba alikuwa anafungua belo. Wanawake walinikanyaga miguu yote miwili. Nimerudi nyumbani na ushindi.

Kwanza: mapazia manne ya mahameli, mekundu, mazito kama ngozi ya ng'ombe. Merina, ambaye ni mkweli kupita kiasi kwa mfanyabiashara, alisema haya ni ya nchi za baridi, ya kuzuia upepo usiingie. Nikamwambia upepo wa Ifakara ni vumbi mtupu, tunauzuia vizuri tu.

Pili: kitambaa cha meza chenye mzee wa ndevu nyeupe na wanyama wenye pembe, wote wanatembea kwenye theluji. Merina akanikumbusha kwamba ni cha Krismasi. Nikamweleza kwamba kiangazi mtu hutafuta ubaridi, na hakuna baridi kuzidi ile. Akasema sawa baba, wewe ndiye mwenye nyumba.

Mzigo wote nimeubeba mwenyewe kichwani hadi nyumbani. Mgongo kimya kabisa. Ajabu.

Alhamisi, 19 Juni

Mapazia yametundikwa. Sebule imekuwa giza totoro. Miaka ishirini na miwili nilikuwa na studio ya picha hapa mjini, kabla simu hazijaota kamera na kuniua, na chumba changu cha kusafishia picha kilikuwa giza hivi hivi. Nilikaa humo ndani leo karibu saa nzima. Nilijisikia kijana. Halafu nikajisikia joto.

Dionisi alichungulia, akauliza kwa upole nani amefiwa. Nikamwambia hii ndiyo mitindo. Akasema yeye amenunua feni. Nikamwambia feni inahamisha joto tu kutoka kona moja kwenda nyingine. Akaondoka akiangalia dari yangu. Sina dari.

Ijumaa, 20 Juni

Leo nilipanga kuziba stoo. Nimetoa bati nje. Nikaziegemeza kwenye nguzo za baraza ili nikatafute ngazi. Loo! Kivuli kizuri kikaanguka pale chini. Nikakaa kidogo. Upepo ukapita. Nikafikiria: mpunga hauhitaji kivuli cha barazani, Eufrasia anakihitaji.

Nimezipigilia pale pale juu ya baraza. Kisha nikakumbuka yule mama wa kwenye simu alivyosema mwanga ukichujwa nyumba hupendeza. Nikachukua msumari na nyundo, nikatoboa matundu. Kama mia mbili hivi. Nilianza na mstari, baadaye nikaona nitoboe nyota. Jua likipita, sakafu yote inakuwa na nyota mchana kweupe. Nilikaa nikaziangalia hadi zikahama zikaenda ukutani kwa Dionisi.

Hili la bati nitalirekebisha. Zitatoka tu, ni misumari minane.

Jumamosi, 21 Juni

Jumuiya yetu ndogo ya kanisa leo ilikuwa kwa Dionisi. Tulisali chini ya jipsamu na feni inazunguka. Agnella, mke wake, akagawa chai na vitumbua. Watu walisifu dari kuliko walivyomsifu Mungu, na nitaiungama sentensi hii.

Mwisho mwenyekiti wetu, mama Brigitha, akauliza Jumamosi ijayo tunasalia kwa nani. Kila mtu akaangalia viatu. Msimu huu nani ana sebule? Mpunga umeshaingia, watu wanapita ubavu ubavu kwenda vyumbani kulala. Dionisi peke yake ndiye mwenye nafasi kwa sababu mpunga wake ameupeleka kuhifadhiwa mashineni.

Nikanyoosha mkono. Mkono wenyewe ulinyooka.

Brigitha akauliza, je, mpunga wa Mama Noela? Nikasema kwa sauti, watu wote wakasikia, kwamba mimi nina stoo. Agnella akakohoa. Brigitha akaandika jina langu daftarini, akasema usipoziba ufa utajenga ukuta, sijui alikuwa anamwambia nani.

Nilipofika nyumbani ndipo nikagundua Jumamosi ijayo ni tarehe 28. Vizuri tu. Eufrasia atafika wakati nyumba imejaa watu wanaoisifu. Mbele ya jumuiya hawezi kugeuza safari.

Jumatatu, 23 Juni

Jumuiya inakuja na watu hawana pa kukaa. Viti vinne, waumini kumi na tisa. Nimefungua zile mbao za stoo, nikatengeneza kochi refu la ukutani, la kisasa. Matakia nimeshona kwa magunia matupu aliyoniachia Eufrasia, nikajaza pumba za mpunga. Nimekata magunia sita tu. Nimelijaribu, nikakaa upande wa kulia. Upande wa kushoto ukainuka. Nimeweka tofali.

Mgongo umeanza kuuma kweli sasa. Hii ni haki ya Mungu, si ile ya siku zote.

Jumanne, 24 Juni

Limbu alikuja kuchukua magunia matupu. Akayahesabu. Akayahesabu tena. Nikamwonyesha matakia.

Alikaa juu ya takia moja kwa heshima, akanywa maji. Ukutani nilikuwa nimeshatundika lile turubai langu la studio lenye maporomoko ya maji, ambalo nusu ya mji huu wamepigiwa picha za kipaimara mbele yake. Limbu aliyatazama maporomoko muda mrefu. Akaniuliza kama ng'ombe wanaruhusiwa kunywa. Hapo hapo akacheka peke yake mpaka machozi, akaniomba radhi.

Kisha akawa mtu mzima. Akasema magunia ya mpunga yatakuwa thelathini na manne. Akasema mama kule amepungua, mikono yake imepasuka, na jioni akimaliza kazi anakaa mlangoni pa kibanda anasema mwaka huu nitalala nyumbani kwangu vizuri. Aliuliza tena habari ya stoo. Nikasema amwambie asiwe na wasiwasi. Limbu alipotoka alipitia stoo, akasimama katikati, akaangalia mawingu.

Sikula mchana. Nimemkumbuka mke wangu, ndiyo ukweli. Tangu Januari nakula ugali na dagaa kwenye sufuria moja nisioshe vyombo viwili. Simwambii mtu.

Alhamisi, 26 Juni

Nimeng'oa bati barazani nizirudishe kwenye stoo. Nimezipandisha juu kwa ngazi ya kuazima, mgongo unalia, nikashuka, nikaingia ndani kuangalia.

Nyota mia mbili.

Nimezishusha. Nimezirudisha barazani, angalau pale zina maana.

Ijumaa, 27 Juni

Nimechoka.

Jumamosi, 28 Juni

Saa tatu asubuhi wanajumuiya walifika. Tumsifu Yesu Kristo, milele amina, wakaingia mmoja mmoja wakipapasa kama watu wanaoingia kisimani. Nani amemkanyaga nani sijui. Agnella alikalia kile kitambaa cha theluji akidhani ni kiti. Brigitha, ambaye ana uzito wa heshima, alikaa upande wa kulia wa kochi na wazee wawili waliokaa upande wa kushoto wakapaa. Nikasogeza tofali la pili.

Msomaji wa Injili hakuona hata jina la mwinjili. Akasogea mlangoni, hakuona. Akawasha tochi ya simu, ikazima. Joto likapanda. Mtu fulani akauliza gizani kama madirisha yapo. Nilianza kueleza kuhusu mwanga wa kuchujwa, lakini Dionisi akainuka, akasema kwa ruhusa yako mwenye nyumba, akavuta pazia.

Hakulivuta vibaya. Ni mimi niliyelipigilia vibaya. Fimbo yote ilishuka, mahameli yote manne yakamfunika mama Brigitha na wazee wake, na jua likaingia ndani kwa mkupuo.

Dirishani alikuwapo mke wangu.

Alikuwa amekaa juu ya magunia, juu ya mkokoteni wa kwanza, kimo sawa na dirisha. Nyuma yake mikokoteni mingine miwili. Limbu ameshika kamba ya maksai, anaangalia pembeni kama mtu aliyeona msiba wa wengine. Eufrasia alitazama kochi. Akatazama matakia, akayatambua magunia yake. Akatazama maporomoko. Chini, mahameli yalikuwa yanajitingisha na kusali.

Alishuka. Amepungua kweli. Akawapa wazee shikamoo, akawasaidia kumfunua Brigitha, akaomba radhi kwa kuchelewesha Injili. Ndipo akaenda stoo. Alikaa humo kidogo. Alipotoka akasimama barazani, chini ya bati zake mbili, na zile nyota zikamwangukia usoni, kwenye kilemba, kwenye mikono iliyopasuka.

Akaniuliza matundu yale ni ya nini.

Nikamwambia ni nyota, Mama Noela. Ni kwa ajili yako.

Afadhali angegomba. Aliangalia mikono yake yenye madoa ya jua, akaigeuza, akasema, "Umetoboa, Baba Noela." Basi.

Injili ilisomwa upesi, halafu jumuiya ikafanya kile ambacho jumuiya hufanya. Wanaume walivua mashati. Dionisi alilibomoa kochi langu kwa dakika mbili, kwa mikono mitupu, akapanga mbao sakafuni kwa mistari kama zilivyotakiwa kupangwa tangu mwanzo. Magunia thelathini na manne yakaingia sebuleni. Mimi niliambiwa nikae kwa sababu ya mgongo, na hakuna aliyecheka, jambo lililoniuma zaidi. Walipomaliza, maporomoko ya maji yalionekana kidogo tu juu, yakimwagikia mpunga.

Eufrasia alioga. Akala vitumbua vya Agnella, akaninyooshea kimoja. Nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe alikuwa anakunja yale mapazia. Aliyakunja vizuri, manne yote, akayaweka kwenye mkokoteni wa Limbu.

Nikamuuliza anakwenda wapi nayo. Akasema Michenga usiku kuna baridi, mto unatoa ukungu, na kibanda chake hakina mlango. Akasema mapazia ni mazuri sana. Alilisema hilo kwa moyo wote, nililiona. Akasema siku stoo itakapokuwa na bati lisilo na tundu hata moja, nimtume Limbu, naye atakuja siku hiyo hiyo.

Nikasema nimemkumbuka. Nilisema kwa sauti ndogo na maksai walikuwa wanakoroma, lakini alisikia. Akasema na yeye pia. Kisha akapanda.

Jumapili, 29 Juni

Nalala juu ya magunia, pua yangu na bati ni shubiri moja. Chumbani siendi, mlango umezibwa na mpunga. Panya wameshafika. Sijui nani aliwaalika.

Kanisani kila mtu alinipa pole. Dionisi alinipa pole akiniangalia machoni, si juu. Hilo ndilo lililonitoa machozi.

Jumanne, 1 Julai

Habari njema! Limbu amepita. Anasema mapazia yanapendeza kule kibandani kupita kiasi. Eufrasia ametundika mawili mlangoni na mawili anajifunika, na wanawake wanaotoka mtoni wanasimama kumuuliza ameyapata wapi. Anawaambia kanunua mume wangu. Limbu anasema analisema hilo huku anacheka.

Nimemrudisha Limbu nyuma, nikamfanya arudie. Mume wangu. Huku anacheka.

Jioni akaja Dionisi na bati mbili mpya begani, zilizobaki alipojenga. Hataki chochote. Anasema kesho asubuhi atakuja na ngazi yake, tuzipigilie pamoja, saa nne tuwe tumemaliza, saa sita Limbu awe njiani kwenda kumwita mama. Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa dhati, nimemsema vibaya katika daftari hili na naomba anisamehe bila kulisoma.

Bati zimeegemea ukutani sasa hivi nikiandika. Nzuri. Zinang'aa.

Ila nimeingia stoo, nikawaza. Tukiziba kabisa mle ndani kutakuwa giza. Mama wa watu anatoka shamba amechoka, anaingia kuangalia mpunga wake, haoni kitu, anajikwaa. Ndiyo sababu nilimtolea mahari? Naye si mtu wa kukataa urembo. Mapazia kayapenda, kasema mwenyewe, shahidi ni Limbu. Zile nyota hazikuwa mbaya. Zilikuwa mahali pasipofaa tu, tena nyingi mno. Mia mbili! Mtu mzima mwenye akili angetoboa ishirini. Ndogo. Upande wa ukutani, ambako magunia hayafiki.

Mvua ya kwanza ni Novemba. Muda upo.

Nimemwambia Dionisi asije kesho na ngazi. Aje keshokutwa. Nyundo nimeiona, natafuta msumari mwembamba.